Kuvu inayokula mayai ya minyoo, na shamba la kukodi la msimu mmoja

Mwezi wa tisa mvua inaporudi, walimaji wa wilaya ya Kabare, Kivu ya Kusini, wanaweka maharagi ardhini. Huo ndio msimu A. Msimu B unafuata mwezi wa pili, na mwenye kipande cha bonde lenye maji anaweza kulima tena wakati wa kiangazi. Kuanzia Mudaka hadi Katana, kando ya barabara inayotoka Bukavu kwenda Kalehe, ni vigumu kumpata mtu ambaye sahani yake ya jioni haitegemei maharagi. Wenyeji wanayala, na familia zilizokimbia vita na kupokelewa katika nyumba za watu, makanisani na madarasani wanayala vilevile. Tofauti ni kwamba mwenyeji analima shamba lake, na aliyehama analima shamba la mtu mwingine, analolipia kila msimu.

Kuna lalamiko ambalo limezoeleka katika mashamba hayo ya kukodi. Maharagi yanaota vizuri, yanafika kwenye goti, halafu majani yanaanza kuwa manjano, si shamba zima bali kwa mabaka, huku na kule. Saa ya jua kali mimea inalegea kana kwamba ina kiu, wakati ardhi chini bado ina maji. Maua yanakuwa machache, maganda yanakuwa mafupi, na aliyetarajia mfuko anarudi na beseni. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema ardhi imechoka. Yule anasema mbegu za msaada zilikuwa mbovu. Na wako wanaomtazama jirani kwa jicho baya, hasa kama jirani ni mgeni, au kama mgeni ndiye aliyevuna kidogo na mwenyeji akavuna vizuri. Maneno ya namna hiyo yamekwisha kuharibu ukaribisho katika nyumba zaidi ya moja.

Mara nyingi jibu liko chini ya ardhi, na halihitaji mganga wala maabara. Linahitaji jembe na maji kidogo.

Maharagi yakianza kutoa maua, chimba mche mmoja wenye majani manjano na mmoja wenye afya. Usiuvute kwa mkono, maana mizizi membamba itakatikia chini. Chimba kwa jembe, inua na udongo wake, uoshe polepole ndani ya beseni. Halafu angalia. Mzizi wa maharagi wenye afya una vinundu vidogo vya mviringo vilivyojibandika pembeni. Hivyo ni vizuri. Ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, na ndiyo sababu maharagi, soya na karanga huweza kukua pale ambapo mahindi yanakonda. Ukikisugua kinundu hicho kwa kidole kinatoka, na ukikipasua ndani kina rangi nyekundu au ya waridi, ishara kwamba kinafanya kazi.

Uvimbe wa minyoo ni kitu kingine kabisa. Haujibandiki pembeni: ni mzizi wenyewe umevimba, kama kamba iliyofungwa mafundo. Ukijaribu kuutoa unavunja mzizi. Ukiupasua, ndani ni mweupe, na mtu mwenye macho mazuri anaweza kuona vitone vinavyong'aa kama punje ndogo sana za lulu. Vitone hivyo ni minyoo jike. Ndiyo maana wataalamu wanaiita minyoo fundo. Agronomu akiongea Kifaransa atasema nematodi.

Tofauti hii kati ya kinundu na fundo ingestahili kufundishwa kabla ya habari yoyote ya dawa. Wako walimaji wanaoona vinundu vizuri wakadhani ni ugonjwa, wakang'oa maharagi mazima. Na wako wanaoona mafundo mabaya wakafurahi, kwa kuwa katika mafunzo fulani waliambiwa kwamba mizizi yenye uvimbe ni dalili ya rutuba.

Mnyoo huu mtoto ana urefu wa nusu milimita hivi, kwa hiyo macho hayamuoni. Anatoka kwenye yai, anaogelea katika maji membamba yaliyo kati ya chembe za udongo, anaingia karibu na ncha ya mzizi, na akishapata mahali anakaa hapo. Anachoma chembe za mzizi na kutia mate yake, na chembe hizo zinageuka kubwa kupita kiasi, zikawa kama sufuria anayokulia. Chakula kilichopaswa kupanda kwenye majani na maganda kinaishia kwake. Jike ananenepa mpaka anakuwa na umbo la peasi, hawezi tena kutembea, na anataga mayai yake ndani ya ute kama jeli nje ya mzizi. Jike mmoja anataga mamia, mara nyingi kati ya 200 na 500. Katika udongo wenye joto, kutoka yai hadi yai ni karibu mwezi mmoja. Maharagi yanakaa shambani miezi mitatu hivi. Mwenye kupenda hesabu aizidishe mwenyewe, akumbuke tu kwamba kwenye baridi ya milimani, kuelekea Kahuzi-Biega, minyoo inakwenda polepole kuliko huku chini karibu na Ziwa Kivu.

Kabla ya kuilaumu minyoo kwa kila jani la manjano, ni lazima kusema jambo moja kwa haki. Katika Kivu kuna ugonjwa mwingine mkubwa wa maharagi, kuoza kwa mizizi, ambao uliwasumbua watu sana hata wengi wakahamia maharagi ya kupanda juu ya miti kwa sababu baadhi ya aina zake zinauvumilia. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, laini, hauna mafundo. Na ardhi yenye asidi nyingi, kama ile ya Walungu, nayo inatoa majani manjano bila mnyoo hata mmoja. Baya zaidi ni pale mambo yanapokutana: mnyoo anatoboa mzizi, na vijidudu vya kuoza vinaingia kwa tundu hilohilo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kule Mulungu kimefanya kazi ya maharagi kwa miaka mingi, na mwenye shaka juu ya mzizi wake hatafanya vibaya kuupeleka kwa agronomu, ukiwa na udongo wake ndani ya mfuko, si mkavu.

Sasa kuhusu kuvu. Neno hili linawatisha wengine, kwa sababu kuvu wanayoijua ni ile ya mahindi yaliyoharibika ghalani. Lakini kuvu ni ukoo mkubwa. Uyoga unaookotwa porini mvua ikinyesha ni wa ukoo huo, na unga mweupe unaoota juu ya muhogo uliofunikwa kabla ya kuanikwa ni wa ukoo huo pia. Ndani ya udongo wa shamba lolote mna aina nyingi, na baadhi yake chakula chao ni minyoo.

Jambo hili si jipya. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walikwisha kuona kwa darubini kuvu inayotega minyoo. Nyingine inatandaza wavu wenye gundi, mnyoo anapita na kunaswa. Nyingine inatengeneza kitanzi cha chembe tatu, na mnyoo akitia kichwa kitanzi kinavimba na kumkaba kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mtego huo unapendeza kuusikia, lakini kwa mlimaji si huo unaoleta faida kubwa. Kuvu zinazotumiwa zaidi leo hazimkimbizi mnyoo. Zinakula mayai yake.

Mwaka 1979, huko Peru, watafiti wa viazi walikuta kuvu fulani imeyafunika mayai ya minyoo fundo na kuyaua. Ilikuwa na rangi inayokaribia zambarau. Tangu hapo ilijaribiwa katika nchi nyingi na kutengenezwa kuwa dawa ya kuuzwa. Kwenye pakiti utasoma Purpureocillium lilacinum, au jina lake la zamani, Paecilomyces lilacinus. Ni kitu kilekile. Nyuzi zake zinaenea juu ya ute wa mayai, zinatoa majimaji yanayoyeyusha ganda la yai, zinaingia na kula kilichomo. Nyingine, ambayo jina lake ni Pochonia chlamydosporia, inafanya kazi inayofanana na hiyo, na ina uwezo wa kutengeneza mbegu nene zinazovumilia muda mrefu ardhini. Wakuba walitengeneza dawa kutokana nayo kwa ajili ya mashamba yao ya mboga. Ya tatu, Trichoderma, inajulikana zaidi kwa kupigana na kuvu mbaya za kuoza mizizi, lakini inasaidia pia dhidi ya minyoo na inaupa mzizi nguvu. Kwa maharagi ya Kivu, ambako kuoza na minyoo hukutana katika shamba moja, hiyo ya tatu inastahili kuangaliwa kwa jicho la karibu.

Kisa cha Uingereza ndicho kinachofundisha zaidi kuliko pakiti zote. Huko wakulima walikuwa wakipanda nafaka mwaka hadi mwaka katika mashamba yaleyale, na kila mtu alitazamia kwamba minyoo ya nafaka, ambayo ni ndugu wa hii minyoo fundo, ingeongezeka mpaka kuwamaliza. Iliongezeka kwanza, halafu ikapungua yenyewe. Mtafiti Brian Kerry na wenzake wa kituo cha Rothamsted walipochunguza, wakakuta kuvu za udongo, mojawapo ikiwa hiyo Pochonia, zimezoea kula majike na mayai. Hakuna aliyezinunua wala kuzimwaga. Zilikuwa zimejijenga zenyewe kidogokidogo, kwa miaka.

Kwa miaka. Neno hili ndilo linalomhusu aliyehama kuliko majina yote ya Kilatini.

Kuvu inayokula mayai haiponyi maharagi yaliyokwisha kuvimba mizizi. Mnyoo aliye ndani ya mzizi haufikiwi. Kinachopungua ni kizazi kinachokuja, na kingine baada yake. Anayemwaga dawa hii leo akitazama majani kesho kutwa atasema ameibiwa. Tena kuvu ni kiumbe hai: inahitaji unyevu, inahitaji joto la kiasi, inahitaji kula wakati mayai hayapo. Hii ya zambarau inakua vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, maana yake katika milima ya Kabare inafanya kazi, lakini polepole kuliko kandokando ya ziwa. Chakula chake cha akiba ni mbolea iliyooza vizuri. Katika udongo mtupu, uliochomwa moto kila kiangazi na kuoshwa na mvua, kuvu ya pakiti inakufa njaa.

Kwa hiyo anayeitumia anaichanganya na mbolea ya ng'ombe au ya majani iliyokwisha kuoza na kupoa, anaitia kwenye shimo au kwenye mfereji kabla ya kupanda au siku ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, jioni jua likishatulia, na anafunika mara moja kwa sababu mwanga wa jua unaua mbegu zake. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti, si kile cha jirani. Haichanganywi na dawa za kuua kuvu, zile za kupulizia nyanya na viazi, kwa sababu dawa hiyo haitofautishi kuvu mbaya na nzuri. Anayeishika avae kitambaa puani, asiguse macho, anawe mikono. Kuvu ya zambarau imewahi kuwaletea watu ugonjwa wa macho, na wale ambao miili yao imedhoofika kwa magonjwa ni bora wamwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Dawa hizi zinatengenezwa Kenya, miongoni mwa nchi nyingine, na biashara ya mpakani inajulikana: kinachouzwa Nairobi kinaweza kufika Bukavu. Swali ni kimefika kikiwa na hali gani. Pakiti iliyokaa wiki tatu juu ya meza sokoni, jua likiipiga, ni unga tu. Muuzaji wa kweli anaihifadhi mahali pa kivuli na baridi, anakuonyesha tarehe ya mwisho, na kwenye karatasi yake kuna jina la kuvu kwa Kilatini na idadi ya mbegu hai kwa gramu, kwa kawaida pamoja na herufi CFU. Pakiti isiyo na mambo hayo matatu haifai kupewa fedha ya chakula cha watoto. Wengine wanashauri kuonja uhai wa dawa kwa kunyunyiza kidogo juu ya wali uliopikwa ili kuona kama itaota. Itaota, ndiyo. Wali uliopikwa ukiachwa utaota kuvu hata bila dawa.

Na kwa sababu hiyohiyo, kujaribu kuzalisha kuvu hii jikoni, kwenye mchele au mtama, ni mchezo wa hatari. Bila vyombo safi kabisa anayejaribu anaweza kuishia kulea kuvu ile mbaya ya karanga na mahindi yenye sumu, halafu akaipeleka shambani kwa mikono yake. Kama ni kuzalisha bila maabara, kuna njia ya zamani na salama: rundo la mbolea. Kulisha udongo ni kulisha kuvu zilizomo tayari.

Hapo ndipo mambo ya shamba yanapogeuka kuwa mambo ya watu. Katika Bushi, yaani Kabare na Walungu, kuna njia mbili kuu za desturi za kupata ardhi. Kalinzi ni ya kudumu, inarithiwa, inapitia kwa mwami na wakubwa wa ardhi. Bwasa ni ya muda mfupi: unalima mazao ya msimu, unalipa, zamani kwa siku za kazi au kwa sehemu ya mavuno, leo mara nyingi kwa fedha, na hauruhusiwi kupanda ndizi wala kahawa wala mti, kwa kuwa mti unaonekana kama alama ya mwenye mali. Aliyehama anaingia kwa mlango wa bwasa. Analipa msimu A, na kama mwenye shamba hajabadili mawazo analipa msimu B.

Mama mmoja aliyeshuka kutoka milima ya Kalehe na watoto watano amekodi kipande cha namna hiyo karibu na barabara ya Kavumu. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa beseni. Agronomu aliyepita alimwonyesha mafundo kwenye mizizi, akamweleza juu ya kuvu na mbolea, akaenda zake. Mama alikwenda kwa mwenye shamba.

"Mzee, shamba lako lina ugonjwa."

"Mama, mimi nililima hapo miaka yote, nilikula."

"Ulilima nini?"

"Nyanya. Biringanya pia, upande wa chini."

Nyanya na biringanya ni vipenzi vya minyoo fundo. Mzee alikuwa ameilisha bila kujua, msimu baada ya msimu, na akakodisha alipoona nyanya hazimpi kitu tena. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua, kama vile wengi hawajui.

Mama akamwambia alichoambiwa: kwamba akitia mbolea na dawa mwaka huu, faida itaonekana mwaka ujao. "Na mwaka ujao shamba likipona utampa nani?"

Mzee akanyamaza kidogo, halafu akajibu kitu ambacho hakikuwa rahisi kukijibu. "Si wewe mwenyewe unasema kila siku kwamba vita ikiisha unarudi kwenu?"

Ni kweli, anasema hivyo kila siku. Wote waliohama wanasema hivyo. Mkataba wa miaka miwili unafanana na kukubali kwamba miaka miwili itapita hapa. Rundo la mbolea linachukua miezi mitatu kuoza, na mtu anayetarajia kurudi kijijini kwake wiki ijayo hawezi kuanzisha rundo la mbolea kwa moyo mmoja. Mashirika yanayogawa mbegu na majembe yangefanya vizuri kulifikiria hili. Yanampa mtu mbegu ya siku 90 kwenye ardhi ya siku 90, na kumfundisha juu ya rutuba ya udongo kana kwamba shamba ni lake. Kikao kimoja na wenye mashamba na kapita wa kijiji, kabla ya kugawa mbegu, kingeweza kufaa kuliko mafunzo ya siku mbili.

Kwa bei ilivyo, na ardhi ilivyo, ushauri kwa familia yenye msimu mmoja mkononi ni huu: dawa ya kuvu isiwe kitu cha kwanza kununua. Kazi ya kwanza ni kulijua shamba kabla ya kulipa. Kama kuna mimea iliyobaki, nyanya zilizojiotea, lengalenga, maharagi ya mtu aliyetoka, chimba mitano sita kutoka pembe mbalimbali na uoshe mizizi. Kama ni patupu na una wakati, chukua udongo wa sehemu kadhaa, uweke katika vikopo, panda mbegu za nyanya, ngoja wiki tano au sita, ung'oe na uangalie. Mizizi ikiwa safi, lipa. Ikiwa na mafundo, una neno la kumwambia mwenye shamba juu ya bei.

Aliyekwisha kulipa na kukuta mafundo ana mambo ya kufanya bila fedha nyingi. Mahali pa baridi, juu milimani, minyoo inayopatikana zaidi ni aina ambayo haiwezi kuishi kwenye mahindi, na msimu mmoja wa mahindi bila magugu unaipunguza sana. Huku chini penye joto kuna aina nyingine zinazoyavumilia mahindi, kwa hiyo mahindi peke yake hayatoshi, ingawa hata hivyo ni bora kuliko kurudia maharagi au kupanda nyanya. Wakati wa kuvuna, Bashi wana desturi nzuri ya kung'oa maharagi na mizizi yake. Desturi hiyo inaharibiwa pale makapi yanaporudishwa shambani yakiwa na mafundo yake. Mizizi yenye mafundo ikatwe, ianikwe juani mpaka ikauke kabisa au ichomwe; majani na maganda yaende kwenye mbolea. Minyoo hii haisafiri ndani ya mbegu kavu za maharagi. Inasafiri na udongo: kwenye jembe la kuazima, kwenye viatu, kwenye miche ya nyanya na kabichi iliyonunuliwa na udongo wake. Jembe linaoshwa kwa dakika mbili.

Yule mama na mzee hawakuelewana siku ile. Walirudi kuzungumza mara mbili, mara ya pili mbele ya kapita na mama mwenye nyumba inayowapokea watoto. Walichopatana ni misimu mitatu kwa bei ileile, nyanya zisipandwe humo na mtu yeyote, na kama vita itakwisha na mgeni akarudi kwao, misimu iliyobaki itakuwa ya mama mwenye nyumba aliyempokea. Mzee alikubali sharti hilo la mwisho haraka kuliko yale mengine. Limeandikwa kwenye daftari la shule, kurasa mbili, moja kwa kila upande, na alama za vidole chini.

Pakiti bado haijanunuliwa. Mahindi yatapandwa kwanza, na mbolea inaoza kwenye ukingo wa shamba, imefunikwa kwa majani ya ndizi ya mzee. Mlangoni mwa nyumba kuna vikopo vitatu vyenye udongo, wa juu, wa kati na wa chini ya shamba, kila kimoja na mche wa nyanya. Watoto wamekatazwa kuvigusa. Vitang'olewa wiki ya sita, ili ijulikane sehemu gani ya shamba itatangulia kupewa mbolea, maana haitatosha shamba lote.